Kitabu cha Asiyeona Huanza Mezani pa Anayekichapa

Katika kipindi cha Majilio tulitayarisha kijitabu cha sala na tafakari kwa ajili ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Msamala, hapa katika Manispaa ya Songea. Kilikuwa na kurasa nane tu. Nakala za karatasi zilipokwisha, tulizipiga picha kurasa zote na kuzituma kwa simu kwa viongozi wa jumuiya. Kwetu sisi kazi ilikuwa imekamilika. Jioni ile ile alitupigia simu mama mmoja, kiongozi wa jumuiya, ambaye alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima. Tulipomwamkia, aliitikia kwa upole: “Marahaba, wanangu. Mmenitumia picha. Simu yangu inasema ‘picha’, ‘picha’, mara nane, kisha inanyamaza. Mimi nilitaka maneno.”

Maneno hayo ndiyo asili ya makala haya. Mama huyo hakutuomba mashine ya gharama, wala hakuomba mtu wa kwenda kumsomea. Maneno yalikuwapo katika kompyuta yetu tangu siku ya kwanza; sisi wenyewe tuliyafungia ndani ya picha, na faili la awali tulikuwa tumekwisha kulifuta. Tangu hapo tumejifunza jambo moja ambalo tunapenda kuwashirikisha makatibu wa parokia, walimu, viongozi wa kwaya na wote wanaoandaa maandiko: kitabu cha mtu asiyeona huanza mezani pa yule anayekichapa, muda mrefu kabla ya kufika kiwandani. Andiko likipangwa vema mara moja katika kompyuta, humo humo hutoka nakala ya nukta nundu, nakala ya sauti na nakala ya maandishi makubwa. Lisipopangwa, kila nakala hudai kazi mpya tangu mwanzo, na aghalabu kazi hiyo haifanyiki kamwe.

1. Wasomaji watatu, andiko moja

Watu wengi hudhani kwamba kila asiyeona husoma nukta nundu. Sivyo. Baada ya simu ile ya mama, tuliulizia katika jumuiya zetu tukakuta wasomaji wa namna tatu.

Wa kwanza ni mama mwenyewe. Hakuwahi kujifunza nukta nundu, kwa sababu alipoteza uoni vidole vyake vikiwa vimezoea jembe na sufuria. Yeye husoma kwa masikio, kwa msaada wa programu ya kusoma skrini iliyomo katika simu yake. Wa pili ni kijana wa sekondari, asiyeona tangu utoto. Yeye husoma kwa vidole, na husema kwamba sauti humpa habari lakini nukta humpa tahajia, yaani namna neno linavyoandikwa. Wa tatu ni msichana mwenye ualbino. Anaona, ila herufi za kawaida za kitabu cha nyimbo humlazimu kukisogeza hadi puani. Huyu anahitaji herufi kubwa zenye rangi nzito, juu ya karatasi isiyong’aa.

Wote watatu ni waamini wa eneo moja na walistahili kijitabu kile kile, siku ile ile. Kama tungeandaa vijitabu vitatu tofauti, tungeshindwa. Njia iliyo ndani ya uwezo wetu ni kuandaa faili moja lenye muundo, na kuiachia kompyuta kazi ya kuligeuza.

2. Nukta nundu kwa ufupi

Mwandiko wa nukta nundu ulibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, akapoteza uoni akiwa mtoto, na akasoma katika shule ya wasioona mjini Paris. Alichapisha maelezo ya mfumo wake mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 20. Alikuwa pia mpiga kinanda kanisani, na mfumo wake ulikuwa na alama za muziki. Alifariki mwaka 1852. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Nukta Nundu Duniani kila tarehe 4 Januari.

Kila herufi huandikwa katika nafasi moja yenye sehemu sita za nukta: tatu kushoto na tatu kulia. Kwa kuinua baadhi ya nukta na kuacha nyingine, hupatikana alama 63. Namba hazina alama zake pekee. Huandikwa kwa herufi kumi za mwanzo, kuanzia A hadi J, zikitanguliwa na alama maalumu inayomwambia msomaji kwamba kinachofuata ni tarakimu.

Hapa nchini mafundisho ya nukta nundu yana historia ndefu, na Wakristo wamekuwa na mchango mkubwa ndani yake. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Ile ya Irente, Lushoto, ilianzishwa na Walutheri mwaka 1963. Walimu wengi wamenakili vitabu kwa mkono, wakisikiliza mtu akiwasomea huku wakibonyeza vitufe sita vya mashine ya Perkins. Ni kazi ya upendo, lakini huzaa nakala moja tu kwa wakati mmoja.

Nukta nundu hula karatasi nyingi. Ukurasa mkubwa wa kawaida huchukua mistari ipatayo 25, kila mstari nafasi 40, yaani nafasi zisizozidi 1,000 pamoja na zile tupu. Ukurasa wa kitabu cha kawaida wenye herufi 2,000 huhitaji basi kurasa mbili au zaidi. Karatasi yenyewe ni nene, na haifai kubanwa, kwa kuwa nukta zitalala. Ndiyo maana kitabu kimoja cha mkononi huweza kuwa majuzuu kadhaa ya kubebwa kwa mfuko.

3. Faili lenye muundo ni nini?

Mtu anayeona akifungua ukurasa, jicho lake hutambua mara moja kichwa cha sura, aya, orodha na tanbihi. Huvitambua kwa ukubwa wa herufi, weusi wake na nafasi iliyoachwa. Kompyuta haina jicho hilo. Ukiandika “Sala ya Jioni” kwa herufi nene na kubwa, kompyuta huona maneno matatu yenye wino mwingi. Haijui kwamba hicho ni kichwa cha sehemu mpya.

Faili lenye muundo ni lile ambalo kila sehemu yake imepewa jina la kazi yake: hiki ni kichwa cha ngazi ya kwanza, hiki cha ngazi ya pili, hii ni aya, hii ni orodha, hii ni tanbihi, hili ni shairi. Katika Microsoft Word jambo hili hufanyika kwa kutumia mitindo. Badala ya kukoleza maneno kwa mkono, mwandishi huyachagua na kuyapa mtindo unaoitwa Heading 1 au Heading 2. Programu ya bure ya LibreOffice ina mitindo kama hiyo.

Watafsiri wa Biblia wamelijua jambo hili kwa miaka mingi. Wengi wao huandika matini yao kwa alama za mfumo uitwao USFM, ambamo kila sura na kila mstari hutanguliwa na alama yake. Matini hayo yakiwa tayari, faili lile lile huweza kupelekwa kiwandani, kuwekwa katika simu, au kugeuzwa kuwa nukta nundu, bila mtu kuyachapa upya.

Sisi wa Ruvuma tunaishi karibu na mfano ulio hai. Peramiho iko kilometa zipatazo 24 kutoka mjini Songea. Wamisionari Wabenediktini walifika hapo mwaka 1898, na jina la Benedictine Publications Ndanda–Peramiho limo katika vitabu vingi vya sala vya nyumba zetu. Zamani herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono; kitabu kikishachapwa, herufi zilirudishwa visandukuni na mpango wake ukatoweka. Leo kitabu hupitia kompyuta kwanza, na mpango wake hubaki, mradi tu mtu asilifute faili. Sisi tulilifuta, na tukalazimika kulichapa upya kurasa zote nane.

4. Jinsi faili moja linavyozaa nakala nyingi

Nakala ya nukta nundu. Faili huingizwa katika programu ya kutafsiri. Programu hubadili kila herufi kuwa nukta zake, hukata mistari mahali panapofaa, hupanga vichwa na kuweka namba za kurasa. Kisha faili hupelekwa kwenye mashine inayopiga nukta juu ya karatasi nene. Mashine hutii tu kilichoandikwa. Waliojifunza kuchapa kwa taipureta wana mazoea ya kutumia herufi “l” badala ya tarakimu 1, au herufi “O” badala ya sifuri. Machoni hakuna tofauti. Kidoleni tofauti ni kubwa, kwa kuwa alama ya tarakimu haitawekwa mahali pake. Vivyo hivyo, anayepamba kichwa kwa kuachanisha herufi, kama “M A J I L I O”, humpa asiyeona herufi saba zilizotawanyika pasipo neno.

Nakala ya sauti na ya kielektroniki. Enzi za kaseti, aliyetaka sura ya kumi alizungusha utepe na kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Sweden, ilianza kazi ya kutengeneza kitabu cha sauti chenye muundo, na mwaka 1996 ukaundwa umoja wa kimataifa wa DAISY kuiendeleza. Katika kitabu cha DAISY msomaji huruka kutoka kichwa hadi kichwa, ukurasa hadi ukurasa, hata sentensi hadi sentensi, na sauti huenda sambamba na maandishi. Sehemu kubwa ya urithi huo imeingia katika EPUB, aina ya kitabu cha kielektroniki inayosomeka katika simu za kawaida, hasa tangu toleo la tatu la mwaka 2011. Umoja wa DAISY hutoa bure programu ya WordToEPUB, inayogeuza faili la Word kuwa EPUB. Ikiwa vichwa vimepewa mitindo, orodha ya yaliyomo hujitengeneza yenyewe. Ikiwa havikupewa, kitabu kizima huwa mtiririko mmoja usio na mlango.

Nakala ya maandishi makubwa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mitindo ikiwa imetumika vema, mwandishi hubadili ukubwa wa aya mara moja, tuseme kutoka pointi 11 hadi 18, na kitabu chote hufuata. Akiwa amepanga kwa nafasi tupu na kubonyeza kitufe cha kushuka mstari, kila ukurasa huvurugika. Nakala ya msichana yule wa herufi kubwa tuliipata kwa dakika chache, baada ya faili kupangwa upya.

5. Kiswahili kitambulishwe kuwa Kiswahili

Kila faili huwa na alama ya siri inayotaja lugha yake. Kompyuta nyingi za ofisini zimewekwa Kiingereza, na mwandishi hachukui hatua ya kubadili. Matokeo yake yana madhara ya aina mbili.

Kwanza, sauti. Programu ikidhani inasoma Kiingereza, itatamka “pole” na “wake” kana kwamba ni maneno ya Kiingereza, na msikilizaji atabaki akikisia. Sauti za kompyuta za Kiswahili zipo. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na ambayo hutolewa bure, hutumia injini ya sauti yenye Kiswahili. Lakini ni lazima faili liseme: mimi ni Kiswahili. Mahali penye sala ya Kilatini, sehemu hiyo pekee itambulishwe kuwa Kilatini.

Pili, nukta. Nukta nundu ya Kiingereza ya ngazi ya pili ina vifupisho: maneno “and”, “the” na “of” huandikwa kila moja kwa alama moja tu. Programu ikitumia kanuni hizo kwa matini ya Kiswahili, neno “andika” litaanza kwa kifupisho cha “and”, “themanini” kwa kile cha “the”, na “ofisi” kwa kile cha “of”. Mtoto wa shule ya msingi aliyefundishwa herufi kamili atakutana na alama asiyoijua, na atadhani kosa ni lake. Kabla ya kuchapa, ni lazima kuthibitisha kanuni za lugha zilizochaguliwa, na ngazi ambayo msomaji amejifunza.

Jambo dogo la kuongeza ni alama ya “ng’”. Katika faili moja mara nyingi hukutwa alama za aina mbili au tatu kwa maneno kama “ng’ombe” na “kung’aa”. Ichaguliwe moja, itumike hadi mwisho.

6. Vitabu vya ibada vina mahitaji yake

Katika vitabu vya liturujia, maelekezo ya ibada huitwa rubrika, neno litokanalo na Kilatini kwa maana ya wino mwekundu. Kwa karne nyingi msomaji ametofautisha kwa rangi kile kinachotamkwa na kile kinachotendwa. Kwa asiyeona, rangi haipo. Tumewahi kusikia msomaji akitumia nakala ya sauti akatamka kwa unyenyekevu mbele ya kusanyiko: “Wote wanasimama.” Halikuwa kosa lake. Rubrika ipewe mtindo wake wenye jina, ili katika nukta nundu iwekewe alama za kuitenga, na katika sauti isomwe kwa namna inayojulikana. Kanuni ni hii: maana yoyote isibebwe na rangi peke yake. Sehemu za kuhani, msomaji na waamini vivyo hivyo zitajwe kwa neno.

Nyimbo nazo zina jambo lake. Mwongozaji anapotangaza “wimbo namba 112”, waamini hufungua kwa namba. Kwa hiyo kila wimbo uwe kichwa, na namba yake iwe ndani ya kichwa hicho, ili asiyeona naye aufikie kabla kwaya haijaanza. Kwaya zetu nyingi huimba kwa nota za herufi, yaani d, r, m, f, s, l, t, zilizopangwa juu ya maneno kwa nafasi tupu. Programu ya kusoma skrini huchanganya nota na maneno hadi wimbo usieleweke. Maneno ya wimbo yaandikwe peke yake kwanza, ubeti kwa ubeti. Nota zifuate mahali pengine.

7. Picha, majedwali na namba za kurasa

Picha iambatane na maelezo mafupi ndani ya faili. Maelezo mema hujibu swali hili: picha hii iko hapa kwa sababu gani? “Picha ya kanisa” haitoshi ikiwa somo linahusu mpangilio wa altare, mimbari na kisima cha ubatizo. Picha ya pambo tu itambulishwe kuwa pambo, ili msomaji asicheleweshwe nayo.

Ratiba ya misa iwe jedwali la kweli, lenye mstari wa vichwa juu, bila kuunganisha visanduku. Jedwali lililochorwa kwa nafasi tupu husomwa mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, na saa ya misa ya kwanza hujikuta kando ya kigango kisicho chake.

Namba za kurasa za kitabu cha awali zihifadhiwe. Mwalimu akisema “fungueni ukurasa wa 45”, mwanafunzi mwenye majuzuu ya nukta nundu yuko labda katika ukurasa wa 110. Alama ya ukurasa wa awali ikiwamo, atafika pamoja na wenzake. Isipokuwamo, atakuwa darasani kwa mwili tu.

8. Sheria inasemaje?

Maandiko tuliyoyatunga wenyewe hayahitaji ruhusa ya mtu. Suala hutokea kwa vitabu vya wengine. Umoja wa Wasioona Duniani umeiita hali ya uhaba wa vitabu hivi njaa ya vitabu. Kwa ajili hiyo mataifa yalipitisha Mkataba wa Marrakesh tarehe 27 Juni 2013, nao ukaanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Mkataba unazitaka nchi wanachama ziruhusu kutengenezwa kwa nakala zinazofikika kwa wasioona, wenye uoni hafifu na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Tena nakala hizo ziweze kuvuka mipaka kupitia taasisi zisizotafuta faida. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, na Tanzania 2020.

Maana yake ni kubwa kwetu tunaotumia Kiswahili. Kitabu kilichokwisha kutengenezwa Nairobi kisitengenezwe tena Songea, na kazi ya Songea iwafae wa Mombasa. Hata hivyo mkataba si ruhusa ya kusambaza vitabu ovyo kwa wanaoona. Anayetaka kugeuza kitabu cha mwingine aanze kwa kumwomba mchapishaji faili la chanzo, na apate ushauri wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kusoma, kwa hiyo, ni haki ya mtu, wala hakupaswi kuhesabiwa kuwa fadhila.

9. Aulizwe mwenyewe

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, kipofu Bartimayo anakuja mbele ya Yesu. Mahitaji yake yangeweza kudhaniwa na kila aliyekuwapo. Bwana hata hivyo alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Somo hilo lina matumizi katika kazi hii. Tulipoanza kurekebisha kijitabu, tulijadili kwa bidii mpangilio wa vichwa, mpaka mmoja wetu akapendekeza tumpigie mama simu. Alitupa mambo mawili ambayo hatukuyafikiria: sala zinazorudiwa kila siku ziandikwe mahali zinapotakiwa badala ya kumrudisha msomaji ukurasa wa kwanza, na kila siku iwe kichwa chenye tarehe yake.

Nakala ya nukta nundu isahihishwe na asomaye kwa vidole. Mtu anayeona huweza kulinganisha alama kwa macho, lakini hatambui mstari uliokatwa vibaya au nukta zilizopigwa hafifu. Na msahihishaji asiyeona anafanya kazi ya taaluma. Apewe muda, nakala ya kulinganishia, na ujira wake.

10. Parokia ianzie wapi?

Tunapendekeza hatua saba, zote zikiwa ndani ya uwezo wa ofisi yenye kompyuta moja:

Kwanza, faili la awali la kila andiko litunzwe mahali pawili, wala lisifutwe baada ya kuchapwa.
Pili, vichwa vyote vipewe mitindo, kwa ngazi zinazofuatana.
Tatu, lugha ya faili iwekwe Kiswahili.
Nne, pasitumike nafasi tupu wala mistari mitupu kupanga ukurasa. Sura mpya ianzishwe kwa amri ya kukata ukurasa.
Tano, picha zipewe maelezo, na maana isiachwe kwa rangi peke yake.
Sita, matangazo na tafakari zitumwe kwa simu yakiwa maneno au faili la maandishi, si picha ya karatasi. Picha iliyopendeza ikitumwa, maneno yake yaambatane nayo.
Saba, kabla ya kusambaza, andiko lisikilizwe hadi mwisho kwa programu ya kusoma skrini. Simu nyingi zinayo tayari katika mipangilio yake. Anayelisikia andiko lake akiwa amefumba macho hujifunza mengi kwa robo saa.

Mwisho

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 22, unafundisha kwamba njia ya kuyafikia Maandiko Matakatifu inapaswa kuwa wazi kabisa kwa waamini. Mlango huo huweza kufungwa bila nia mbaya, kwa mtu kubonyeza kitufe cha kupiga picha pale alipopaswa kutuma maneno. Sisi tumekwisha kufanya hivyo.

Kijitabu cha Majilio tulikichapa upya kwa jioni mbili. Mama yetu alikipokea katika simu, akakisoma kwa masikio, na sasa huongoza sala ya jumuiya yake bila kusubiri mtu. Msichana wetu anayo nakala yake ya herufi kubwa. Nakala ya kijana wa sekondari haijachapwa hadi tunapoandika haya, kwa kuwa ofisini kwetu hakuna mashine ya nukta nundu na bado tunatafuta pa kuichapia. Lakini faili lake liko tayari, limepangwa, limesahihishwa, na linajitambulisha kuwa Kiswahili. Siku mashine itakapopatikana, hatasubiri tena mtu wa kuchapa. Tunawaomba ninyi nyote mnaoandaa maandiko msiwaache wasomaji kama yeye wasubiri mara mbili: mara ya kwanza mashine, na mara ya pili maneno yenyewe.